Barafu ya Kukodi na Msimu Usio na Upepo

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa maana ya msimu. Neno lenyewe lilitufikia kwa Kiarabu pamoja na majahazi, na mabaharia wa Kireno nao wakalichukua, hata likafika kwa Waingereza likiwa ni jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kaskazi ikivuma, tangu Disemba hata Machi, vyombo vilishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikigeuka, vikarudi makwao. Hapakuwa na mtu aliyeukodi upepo ule, wala tajiri aliyeutilia kufuli. Na katika Sura ya Kureshi, ambayo mtoto wa chuoni huihifadhi kabla meno yake ya utotoni hayajang'oka, Makureshi wanakumbushwa neema ya safari zao mbili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Msimu, basi, ni ahadi. Ni kujua kwamba jambo litarudi kwa wakati wake, ili kila mtu apate kujiandaa.

Naanza na neno hili kwa kuwa Nairobi kuna mchezo wenye wachezaji, wenye kocha, wenye jina lililovuma hata Amerika, na tangu 2024 wenye uanachama mshirika katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Walakini unakosa kitu kimoja, nacho ni msimu ulio mali yake. Mchezo huo ni mpira wa magongo wa barafuni, na timu inayouchezea nchi ya Kenya huitwa Ice Lions, yaani Simba wa Barafu.

Msomaji wa Mvita, Lamu au Malindi atauliza, na ana haki ya kuuliza: sisi na barafu tuna nini? Barafu yetu ni ile ya kwenye sharubati na ya kuhifadhia samaki. Hata majina tumeyapokea kutoka ng'ambo: barafu asili yake ni Kiajemi, na theluji ni Kiarabu. Ajabu ni kwamba twaitaja theluji katika dua tusomazo juu ya maiti, tukimwombea aoshwe kwa maji na theluji na baridi, na wengi wetu twaenda makaburini bila kuiona theluji hata siku moja. Lakini nitakayoyasema hapa hayahusu barafu peke yake. Yahusu swali ambalo Pwani twalijua vyema: mwenye kucheza na mwenye uwanja, nani ndiye mwenye mchezo?

KANDO YA BARABARA YA MOMBASA

Atokaye Mombasa kwa basi, akishapita Mlolongo na njia ya kwendea uwanja wa ndege, huiona hoteli ya Panari kabla hajaingia mjini. Ndani ya jengo hilo mlifunguliwa mwaka 2005 kiwanja cha barafu, ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na mwenzake katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo barafu ya Kenya iko katika barabara iliyopewa jina la mji wetu, na wengi wetu tumepita mbele yake tukisinzia.

Tuieleze kidogo hali yake. Kiwanja cha namna hii huwa na mabomba chini ya sakafu, na ndani ya mabomba hupita kimiminiko kibaridi kuliko maji ya barafu. Juu yake hunyunyizwa maji tabaka kwa tabaka, kila tabaka likisubiriwa ligande, hata upatikane unene wa sentimita chache. Mashine haipumziki. Ikizimwa, uwanja unageuka dimbwi. Katika mji ulio karibu na mstari wa Ikweta, hata kama mji wenyewe uko juu kiasi cha mita 1,700 na una baridi yake ya Julai, kila saa ya barafu ni saa ya umeme, na kila saa ya umeme ina bei.

Mchezo wenyewe ni wa watu sita kwa sita, golikipa akiwamo. Huvaa viatu vya makali, hushika magongo, na badala ya mpira wa duara huwania kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Hucheza vipindi vitatu vya dakika 20. Uwanja wa kanuni una urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 26 au zaidi. Kile cha Panari ni kidogo kuliko hicho, tena kilijengwa kwa ajili ya starehe ya wageni na watoto wa mjini, wala si kwa ajili ya ligi. Timu huingia kwa saa zake, ikatoka kwa saa zake.

Waliouanzisha hapa walikuwa wageni kutoka Amerika ya Kaskazini wanaofanya kazi Nairobi, waliotamani mchezo wa kwao. Kisha wakaingia vijana wa Kenya, na kufikia 2016 jina la Ice Lions likasimama. Kocha wao aliyejulikana sana ni Tim Colby, raia wa Kanada. Wengi wa vijana hao hawakujifunzia barafuni kwanza. Walijifunzia juu ya lami, kwa viatu vya magurudumu.

LAMI YA KATIKATI YA MJI

Mtu akitaka kuijua asili ya timu hii, asianzie hotelini. Aende katikati ya mji siku ya Jumapili, kwenye lile egesho la magari lililo chini ya usawa wa barabara, karibu na Aga Khan Walk, ambalo watu hulijua kama Sunken Car Park. Siku za kazi magari hujaa humo kama dagaa ndani ya kikapu. Jumapili magari hupungua, na vijana huja na viatu vya magurudumu, wengine wakikodi, wengine wakifundisha, wengine wakifundishwa. Huteleza, huzunguka, hurudi nyuma, huanguka, huinuka. Egesho limegeuzwa kiwanja cha mazoezi, si kwa amri ya mtu, bali kwa kuwa Jumapili halina kazi nyingine.

Huo ndio msimu wa kweli wa mchezo huu Nairobi, nao ni wa siku moja kwa juma. Jumatatu magari yanarudi.

Sasa tutazame upande wa magharibi. Kijana wa Kangemi au Kawangware akitaka kufika barafuni, hushuka na matatu kupitia Waiyaki Way au Valley Road hata mjini, aghalabu akabadilisha gari, kisha akaingia Barabara ya Mombasa pamoja na msongamano wake. Mazoezi yakiisha usiku, safari ni ile ile kwa kinyume, na nauli ya usiku si nauli ya mchana. Tangu 2022 iko barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27, itokayo Mlolongo hadi Westlands, ambayo kwa hesabu ya ramani imeuunganisha upande wa barafu na vitongoji vya magharibi kama uzi na sindano. Lakini barabara ile ni ya kulipia ada. Mwenye gari lake kutoka Lavington huenda na kurudi kwa raha. Yule wa Kangemi, ambaye nyumba yake haiko mbali na mwisho wa barabara hiyo hiyo, huitazama kutoka chini.

Wala siyasemi haya kwa kumlaumu mwenye hoteli. Yeye alijenga kwa fedha yake, akaweka kitu ambacho serikali haikukiweka, na lau si yeye pasingekuwa na timu ya kuizungumza. Nasema tu kwamba mchezo uliojengwa juu ya saa za kukodi hufuata kalenda ya mwenye saa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga nyumba za starehe duniani kote, wakimbiaji wa Kenya waliendelea kukimbia juu ya udongo, na wavuvi wetu waliendelea kuvua. Mchezo wa barafuni ulikwama, kwa sababu haukuwa na pa kwenda.

SIFA YA MGENI

Mwaka 2018 Ice Lions walipata umaarufu ambao timu nyingi kubwa zaidi hazikuupata. Kampuni ya Tim Hortons ya Kanada, yenye maduka ya kahawa na maandazi, na ambayo yenyewe ilipewa jina la mchezaji wa mpira huo, iliwasafirisha wachezaji kumi na kitu kwenda Kanada. Huko walicheza na timu ya wazima-moto, na wakaingia uwanjani pamoja nao Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao ni kama kusema leo mtoto wa Majengo anacheza upande mmoja na Messi. Kampuni ikatengeneza filamu fupi, nayo ikatazamwa na watu wengi sana. Vifaa pia walipewa.

Kwa vijana wale ilikuwa heri, na asiyefurahi kwa ajili yao ana husuda. Lakini mchambuzi hana budi kuuliza: baada ya sifa ile, kilibaki nini? Timu ilirudi Nairobi ikaikuta barafu ni ile ile ndogo, ya kukodi, na hapana timu jirani ya kushindana nayo kila juma. Jarida la ng'ambo likaandika ajabu ya Mwafrika na barafu, jingine likaandika vivyo hivyo, na picha zikapigwa. Ajabu si heshima. Mtu huonyesha ajabu kwa kitu asichokitarajia. Heshima humpa yule anayetarajia kumkuta tena mwakani.

Kenya ilikwisha kuyaona haya. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Philip Boit alishindana katika mbio za kuteleza juu ya theluji, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mwishoni akamkumbatia, na picha ile ikazunguka dunia. Safari hiyo ilidhaminiwa na kampuni ya viatu ya Nike. Boit ni mwanamume kweli kweli, kwani alirudi katika Olimpiki za 2002 na 2006. Lakini nyuma yake hapakuota shule ya mchezo ule, wala ligi. Mdhamini hununua picha. Msimu haununui, kwa maana msimu hauna picha moja. Una Jumatano arubaini zinazofanana.

WALIOSUBIRI BARAFU IYEYUKE

Liko jambo ambalo vijana wetu yafaa walijue. Crosby na MacKinnon wote wawili ni wa Cole Harbour, karibu na mji wa Halifax, jimbo la Nova Scotia, pwani ya mashariki ya Kanada. Na ni hapo hapo Halifax, mwaka 1895, watu weusi walipoanzisha ligi yao ya mpira wa magongo wa barafuni, kabla ligi kubwa ya leo, NHL, haijazaliwa mwaka 1917. Iliitwa Colored Hockey League. Waanzilishi walikuwa wazee wa makanisa ya Kibaptisti, waliotaka kuwavuta vijana karibu na ibada na kuwafundisha adabu na kujitegemea. Zilikuwako timu kama Halifax Eurekas, Dartmouth Jubilees na Africville Seasides.

Watu hao hawakuwa na viwanja vyao. Viwanja vya ndani vilikuwa vya wengine, nao walipewa nafasi wakati ligi za wazungu zimeshamaliza haja yao, mwisho wa baridi, barafu ikiwa inalegea. Msimu wao ukawa wa majuma machache. Hata hivyo waliujaza. Magolikipa wao walijitupa chini kuzuia kisahani, wakati ambapo desturi ya mchezo ilikuwa golikipa asimame tu. Watu walifurika kutazama.

Kisha ligi ile ikadhoofika katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Na kile kitongoji cha Africville, kilichokuwa na timu yake kando ya bahari, kikaja kubomolewa na serikali ya mji katika miaka ya 1960, wenyewe wakahamishwa. Mwaka 2010 mji wa Halifax uliomba radhi. Sina haja ya kumfafanulia msomaji wa Pwani uhusiano wa ardhi na kumbukumbu. Watu wakiondolewa pao, hata mchezo wao husahauliwa, na vitukuu vya wenye mji hudhani kwamba mtu mweusi juu ya barafu ni jambo la jana.

Mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL alikuwa Willie O'Ree, tarehe 18 Januari 1958, akiichezea Boston Bruins. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni, naye akaificha siri hiyo. Katika ligi kubwa alicheza michezo 45 tu. Lakini hakuwa mtu wa michezo 45. Zaidi ya miaka 20 alicheza katika ligi ndogo za kulipwa, huko Los Angeles na San Diego, chini ya jua la California, na mara mbili aliongoza kwa mabao katika ligi ya magharibi. Alipoingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo mwaka 2018, waliomtukuza waliitaja sana siku ile moja ya Boston. Lakini kilichomlea ni ile miaka ya ligi ndogo: basi la usiku, mshahara mdogo, na mechi nyingine kesho.

Afrika Mashariki nayo ina mtu aliyeipita njia hiyo. Mark Owuya, golikipa aliyezaliwa Stockholm mwaka 1989, baba yake ni Mganda. Alianza kujulikana Uswidi kama kijana wa kughani, akashiriki shindano la uimbaji katika televisheni mwaka 2006, kisha akasajiliwa na Toronto Maple Leafs mwaka 2011. Hakufika kudaka katika NHL. Alidaka katika timu ya Toronto Marlies, ligi ya AHL, ambayo ni ngazi ya chini yake, akapitia pia ECHL, ngazi ya chini zaidi. Ligi hizo hucheza michezo 72 kwa kila timu tangu Oktoba hata Aprili. Mfikirie kijana wa Nairobi mwenye kipawa kile kile. Aliyezaliwa Stockholm alipata ligi ya msimu mzima ya kumnoa. Wetu amepata saa chache za kukodi. Kipawa ni kisu, na kisu hakinolewi kwa kuonyeshwa jiwe mara moja kwa mwaka.

SOMO LA CITY PARK

Wenye kusema kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi, nawaelekeza City Park, upande wa Parklands, hatua chache kutoka Westlands. Huko kuna uwanja wa mpira wa magongo wa kawaida, ule wa nyasi, ambao Kenya iliwahi kuwa bingwa wake wa kuogopwa. Katika Olimpiki ya Tokyo, 1964, Kenya ilikuwa ya sita. Katika Kombe la kwanza la Dunia, Barcelona, 1971, ilikuwa ya nne. Vijana wa Kisingasinga na wa Kigoa, waliolelewa katika vilabu vya Nairobi, walikuwa nguzo za timu. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, tangu 1960 hata 1972.

Nini kilitokea? Mambo mengi, na mojawapo ni sakafu. Katika Olimpiki ya Montreal, 1976, ambayo Kenya na nchi nyingi za Afrika ziliisusia, mpira huo ulichezwa kwa mara ya kwanza juu ya zulia la bandia. Tangu hapo dunia ikaiacha nyasi. Nchi tajiri zikatandika mazulia mamia. Nchi kama yetu ikawa na lake la kuhesabu kwa kidole. Mchezo ukawa wa kasi nyingine, na mwenye kujifunzia juu ya nyasi akawa mgeni katika mchezo aliozaliwa nao. Kenya ilikwenda Olimpiki za 1984 na 1988, na tangu hapo timu ya wanaume haijarudi.

Tazama, basi. Ule mpira tuliokuwa mabingwa wake uliponyoka sakafu ilipobadilika. Huu mpya tunauanza, na sakafu yake hatunayo tangu mwanzo. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Sisi twaona nyoka mwenyewe na tunapiga picha.

ISRAFU NA HEKIMA

Hapa yuko atakayesema: je, hii si israfu? Watu hawana maji ya kunywa, na wewe wataka maji yagandishwe ili watu watelezee? Swali hili ni la haki, na dini yetu inatuagiza tuliulize. Ndugu zetu wa Ghuba wamelijibu kwa njia yao. Falme za Kiarabu zilijiunga na shirikisho la dunia mwaka 2001, zikajenga viwanja vya barafu Abu Dhabi, Al Ain na Dubai, na zikawa na ligi yao ya nchi. Mwaka 2017 Fatima Al Ali, binti wa Abu Dhabi mwenye kuvaa hijabu, alialikwa Washington kukiangusha kisahani cha ufunguzi katika mchezo wa NHL. Vijana wetu wengi walioko Dubai kwa kazi wamekiona kiwanja cha barafu kilicho ndani ya duka kubwa lile, nje kukiwa na jua la kukaanga yai.

Lakini wale wana mafuta, nasi hatuna. Kuiga pasipo kupima ni kama maskini kumwiga tajiri katika karamu ya harusi: siku moja ya fahari, na mwaka mzima wa deni. Sisemi serikali ijenge jumba la barafu wakati zahanati hazina dawa. Kusema hivyo ni kuusaliti ukweli.

Ninalolisema ni jepesi zaidi. Mchezo huu una ndugu yake wa magurudumu, wenye kanuni zake na mashindano yake ya dunia, chini ya shirikisho la World Skate. Hauhitaji mashine wala umeme wa usiku na mchana. Wahitaji sakafu laini ya saruji, ubao wa kuzunguka pembeni, magoli mawili, na taa. Vijana wa Nairobi tayari wanajua kuteleza. Walijifundisha wenyewe ndani ya egesho. Serikali ya kaunti ikitenga sakafu moja katikati ya mji na nyingine upande wa magharibi, Kangemi au Kawangware, na ikasema kwamba siku fulani ya juma ni ya mchezo huu, haikodishwi kwa harusi wala mkutano wa siasa, basi ligi inaweza kuzaliwa: timu sita au nane, ratiba iliyobandikwa ukutani, jedwali la pointi, na aliyeshindwa akijua atarudi Jumapili ijayo. Barafu ya Barabara ya Mombasa itakuwa mahali pa kuwapeleka walioiva, haitakuwa tena mlango pekee wa kuingilia.

Jambo lililo hatarini hapa si kombe. Ni umri wa kijana. Miaka kati ya 14 na 20 hairudi. Aliye Kangemi leo na mwili mwepesi na jicho kali, asipopata pa kushindana kwa utaratibu, atakuwa ameipoteza miaka hiyo kabla wakubwa hawajamaliza kikao cha kwanza.

ILA YA LAMU

Pwani tunao mfano ulio bora kuliko wa Halifax na wa Dubai, ingawa hatuuiti ligi. Kila mwaka Maulidi ya Lamu yanapofika, yale yaliyopata nguvu kwa Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, mji hufanya mashindano: mbio za punda kando ya bahari, mbio za mashua, kuogelea, bao. Wanaume hucheza kirumbizi, na magongo hulia. Hakuna anayeuliza kama mwaka huu yatakuwako. Mtoto wa miaka kumi anampanda punda akijua mwakani atampanda tena, na kaka yake alimpanda kabla yake. Wakati ni wa watu wote kwa kuwa mwezi wa Mfunguo Sita huandama bila ruhusa ya mtu. Mahali ni pa watu wote kwa kuwa ukingo wa bahari hauna mlango.

Hivyo viwili, wakati usiokodiwa na mahali pasipofungwa, ndivyo vinavyofanya msimu. Ice Lions wana ushujaa, wana jina, na sasa wana cheti cha shirikisho la dunia. Wapewe hivyo viwili. Nasi wa Pwani tusiwacheke kwa barafu yao, maana fukwe zetu nazo zinazungushiwa kuta moja baada ya nyingine, na viwanja vya watoto mitaani vinaota maduka. Atakayeamka kesho akakuta ukingo wa bahari una lango na mlinzi, ndipo atakapojua kwamba habari ya vijana wa Nairobi ilikuwa habari yake.

Nimeyafunga maneno haya katika ubeti mmoja, kwa wanaopenda kukumbuka kwa kughani:

Msimu una majira, haununuliwi saa,
Ukitegemea dira, ya mwenye nyumba na taa,
Akipatwa na hasira, gizani utaduwaa,
Mchezo uwe na paa, la wenyewe wachezao.